Chafya za Juni

Tarehe 16 Machi 1819, daktari mmoja alisimama mbele ya wenzake wa chama cha madaktari na wapasuaji jijini London, akasoma taarifa ya mgonjwa aliyemtaja kwa herufi mbili tu: J.B. Mgonjwa huyo alikuwa na umri wa miaka 46. Tangu alipokuwa mtoto wa miaka minane, kila mwaka mwezi wa Juni ulipokolea, macho yalimwasha na kumchoma kama yaliyotiwa pilipili, chafya zikamjia mfululizo mpaka akachoka, pua ikachuruzika, kifua kikambana. Julai ikielekea ukingoni, yote yaliondoka yenyewe, kama mgeni aliyemaliza siku zake. Wasikilizaji hawakuhitaji kupiga ramli kumjua J.B. ni nani. Daktari aliyekuwa akisoma aliitwa John Bostock.

Orodha ya mambo aliyofanyiwa J.B. inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Alitolewa damu. Aliharishwa. Alibandikwa dawa za kumtoa malengelenge. Alinyimwa chakula kizito, akanyweshwa maji ya gome la mkwinini, chuma, zebaki, afyuni na dijitalisi, akaogeshwa maji ya baridi. Hakuna kilichofaa. Bostock alikuwa tabibu msomi, mzaliwa wa Liverpool aliyesomea Edinburgh, na inaonekana alimeza kila alichowahi kumwandikia mtu mwingine.

Baada ya kikao kile alianza kuwatafuta wenzake wa mateso. Ilimchukua miaka tisa. Mwaka 1828 alitoa taarifa ya pili, safari hii akiwa na watu 28, akauita ugonjwa ule mafua ya kiangazi. Fikiria nchi yenye mamilioni ya watu, daktari mwenye marafiki kila mahali, naye anapata watu 28. Akaona na jambo jingine lililomshangaza: wote walikuwa watu wa tabaka la kati na la juu. Miongoni mwa maskini hakumwona hata mmoja. Msomaji aliweke jambo hilo kando kwa sasa. Litarudi, na litarudia huku kwetu.

Mitaani, watu hawakusubiri daktari awape jina. Walikuwa wamekwisha kuuita homa ya majani makavu, kwa kuwa ulikuja wakati wakulima wa Uingereza wanapokata nyasi na kuzianika kwa malisho ya mifugo, na harufu yake ikatanda kila mahali. Bostock alilikataa jina hilo. Yeye alilaumu joto na jua kali. Kiangazi alikwenda Ramsgate, mji wa pwani, akapanga nyumba juu ya jabali linalotazama bahari, akajifungia ndani kwenye kivuli, na kweli akapata nafuu. Akaona ushahidi umekamilika. Kumbe kilichomwokoa ni upepo wa baharini, ambao hauna nyasi za kupita juu yake. Alipata nafuu ya kweli kwa sababu isiyo ya kweli, na si yeye wa mwisho katika kisa hiki.

Wala hakuwa wa kwanza. Takriban miaka mia tisa kabla yake, Abubakar al-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliandika risala fupi juu ya swali moja: kwa nini Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni, hushikwa na mafua kila majira ya kuchipua, mawaridi yanapotoa harufu? Watu wote wa mji wananusa mawaridi yale yale. Kwa nini mmoja tu apige chafya? Hilo ndilo swali lenyewe. Vumbi ni la wote, paka ni wa wote, nyasi ni za wote, ila pua inayolia ni ya mmoja.

Sisi tuna neno la jambo hili, nalo lilikuwapo kabla ya maabara yoyote. Mzio. Wazee walilitumia kwa chakula au kitu ambacho mtu au ukoo fulani hujiepusha nacho, kwa kuwa kwao kina madhara, hata kama jirani anakila na kunawiri. Siku hizi vijana husema aleji, na hakuna ubaya, lakini neno la wazee lina fikra ya al-Razi ndani yake: kitu si kibaya, ni kibaya kwako.

Mtu aliyeutoa ugonjwa huu kwenye dhana na kuutia kwenye mizani hakuwa profesa. Charles Blackley wa Manchester alianza maisha akiwa fundi wa kuchora nakshi kwenye kiwanda cha uchapaji. Udaktari aliuanza akiwa mtu mzima, na isitoshe akaangukia upande wa homeopathi, tiba ambayo madaktari wakubwa waliidharau. Naye aliteseka kila Juni. Mwaka 1859 watoto walikuwa wameweka shada la nyasi zilizochanua katika chombo cha maua nyumbani. Blackley alizigusa, vumbi jembamba likapanda hadi puani, chafya zikaanza. Wengi tungefungua dirisha na kulitupa shada nje. Yeye alichukua hadubini.

Kwa zaidi ya miaka kumi Blackley alijifanya panya wa maabara yake mwenyewe. Kila kilichowahi kusingiziwa alikijaribu kwenye pua yake, kimoja baada ya kingine: joto, mwanga, hewa ya ozoni, harufu za kila namna, vumbi la barabarani. Alivuta hata mbegu za kuvu zilizoota kwenye majani makavu, zikamkausha sauti na kumlaza, akaamua kwamba jaribio hilo halirudii. Mwishowe akabaki na chavua, ule unga wa uzazi ambao nyasi huumwaga hewani ili upepo uupeleke kwa nyasi nyingine. Akauhifadhi, akausubirisha mpaka majira ambayo hakuna nyasi inayochanua, akaunusa. Mafua ya Juni yakaja bila Juni.

Kisha akafanya jambo ambalo kliniki za mzio duniani zinalifanya hadi leo. Alikwangua ngozi ya mkono wake mpaka ikalainika, akaweka juu yake chavua iliyoloweshwa maji. Pahali pengine akakwangua vilevile, ila hakuweka chavua. Palipo na chavua pakawasha, pakavimba, pakatoa uvimbe uliopauka katikati na wekundu pembeni. Pale pengine pakatulia. Kwa kukwangua huko mara mbili alikuwa ametenganisha kosa la ngozi na kosa la chavua. Miaka ya 1860 madaktari wengi wenye vyeo hawakuwa na nidhamu hiyo ya kujiwekea shahidi wa upande wa pili.

Bado alitaka kujua chavua inafika wapi. Alitega vioo vilivyopakwa kitu cha kunata kwenye urefu wa pua ya mtu, akahesabu chembe moja moja chini ya hadubini siku baada ya siku, na kulinganisha hesabu hiyo na chafya zake. Zilipanda pamoja, zikashuka pamoja. Halafu akarusha tiara. Alifunga vioo vyake kwenye tiara, akazipandisha zaidi ya futi 1,500, na akakuta huko juu chavua nyingi kuliko chini. Ndiyo maana mtu wa mjini, aliye mbali na shamba lolote, hasalimiki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Charles Darwin alikisoma na wakaandikiana barua, kwani habari ya chavua kusafiri juu kiasi kile ilimgusa mtu aliyeshughulika na uzazi wa mimea. Wakubwa wa tiba wa London, kwa sehemu kubwa, waliendelea na mambo yao.

Blackley naye aliliona fumbo la Bostock. Wakulima, wanaolala na kuamka ndani ya chavua, hawaugui. Wanaougua ni makarani, mapadri na madaktari. Alikisia kwamba huenda mkulima amezoeshwa na wingi wenyewe. Alikuwa karibu na jambo kubwa, ila hakuwa na chombo cha kulifikia.

Ng'ambo ya Atlantiki, Marekani, mambo yalichukua sura ya vichekesho. Kule mafua hayakuja Juni bali Agosti, na Morrill Wyman, daktari wa Harvard na mgonjwa vilevile, aliushuku mmea mmoja wa magugu unaoitwa ambrosia. Alifunga kifurushi cha magugu hayo kutoka bondeni, akakipeleka kwenye Milima Myeupe ya New Hampshire ambako yeye na mwanawe walikuwa wakipumua vizuri, akakifungua. Wote wawili wakaanza kupiga chafya. Habari ya hewa safi ya milimani ikaenea kwa matajiri wa mijini. Mwaka 1874, katika mji mdogo wa Bethlehem huko huko New Hampshire, wakaunda chama cha wagonjwa wa mafua ya majani makavu. Mahoteli yakajaa. Kuwa na pua nyeti kukawa alama ya ustaarabu: mtu mwenye akili nyingi na mishipa laini ndiye huumwa. Muongo uliofuata dawa iliyosifiwa sana kwa pua zilizoziba ilikuwa kokeini. Ilizibua kweli.

Karne ya ishirini ilifungua mlango kwa mbwa. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika jahazi la kifahari la mwanamfalme wa Monaco wakichunguza sumu ya viumbe vya baharini. Waliporudi Paris walitaka kuwazoesha mbwa sumu ya aina hiyo kidogo kidogo, kama chanjo. Mbwa mmoja, Neptune, aliyestahimili sindano ya kwanza, alipopewa nyingine majuma kadhaa baadaye alianguka na kufa upesi. Kinga ilikuwa imegeuka kuwa kisu. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Katikati ya hapo, mwaka 1906, daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kutenda kwa namna nyingine, na ulimwengu ukapata neno aleji.

Hospitali ya St Mary's, London, inabeba sehemu moja ya habari ya tiba. Huko kijana Leonard Noon aliamini kwamba chavua ina sumu, na kwamba mwili ukipewa sumu hiyo kidogo kidogo utajifunza kuistahimili. Alikamua chavua ya nyasi za timothi, akaipima kwa vizio alivyovibuni mwenyewe, akadondosha tone jichoni mwa mgonjwa ili kujua ukali wa mzio wake, kisha akaanza kumchoma sindano chini ya ngozi, dozi ikipanda polepole. Taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Juni 1911. Mwezi wa Juni tena. Kifua kikuu kilikuwa kinamla. Mwaka 1913 akafariki akiwa kijana wa miaka 35, na rafiki yake John Freeman akaibeba kazi. Leo tunajua kwamba chavua haina sumu yoyote. Nadharia ya Noon ilikuwa kosa tupu, na sindano zake zinafanya kazi hadi leo.

Lakini nini hasa kilikuwa ndani ya damu ya mgonjwa? Jibu lilianzia Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani, mwaka 1921. Heinz Küstner hakuweza kugusa samaki aliyepikwa. Mwenzake Carl Prausnitz aliteswa na nyasi, samaki hakumdhuru. Wakatoa damu ya Küstner, wakachukua ule umajimaji wake, wakauchoma kwenye ngozi ya Prausnitz. Kesho yake, pale pale, wakachoma maji ya samaki. Ngozi ya Prausnitz, aliyekuwa akila samaki maisha yake yote, ikavimba na kuwasha, mahali hapo tu. Mzio ulikuwa umehama mtu. Kwa hiyo haukuwa hisia, wala mishipa laini ya matajiri; ulikuwa kitu kinachoweza kutiwa ndani ya bomba la sindano.

Kitu hicho kilisakwa miaka 45. Waliokipata kwanza walikuwa mume na mke, Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Denver, Marekani. Kiasi chake katika damu ni kidogo mno, hata mashine za siku hizo hazikuweza kukiona. Kipimo pekee chenye uwezo wa kukihisi kilikuwa ngozi ya binadamu, nao wakatumia migongo yao. Mwaka 1966 walitangaza kingamwili mpya. Mwaka uliofuata, Uppsala, Sweden, Gunnar Johansson na Hans Bennich wakatangaza protini ngeni waliyoikuta kwa mgonjwa wa saratani ya uboho. Vikawa kitu kimoja. Februari 1968, chini ya Shirika la Afya Duniani, kikapewa jina rasmi: IgE.

Sasa picha ikakamilika. Mwili wa mwenye mzio, ukikutana na chavua au vumbi, hutengeneza IgE mahsusi kwa kitu hicho. IgE hiyo hukaa juu ya seli zilizojaa vifuko vidogo, ambazo Paul Ehrlich alizibatiza jina mwaka 1878 akidhani zimeshiba kupita kiasi, na utando wa pua umejaa seli hizo. Adui yule yule akirudi, IgE humdaka, vifuko vikapasuka, kemikali iitwayo histamini ikamwagika. Dakika chache tu: mwasho, chafya, maji. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, seli nyingine za kinga zikifurika, na hilo ndilo linaloifanya pua ivimbe na kuziba kwa siku nyingi. Mgonjwa wa mafua sugu mara nyingi halalamikii tena chafya. Hulalamika kwamba hawezi kupumua usiku, anakoroma, anaamka kichwa kizito, hasikii harufu ya mchuzi.

Dawa zilifuata picha hiyo hata kabla haijakamilika. Daniel Bovet na Anne-Marie Staub, katika Taasisi ya Pasteur, Paris, walipata mwaka 1937 kemikali ya kwanza ya kuizuia histamini, kali mno kwa binadamu. Mwaka 1942 ikapatikana ya kwanza inayomezeka. Ndani ya miaka kumi zikawa msururu. Mmoja wa watoto wa msururu huo ni klofeniramini, ambayo Afrika Mashariki nzima inaijua kwa jina la Piriton. Hakuna duka la dawa kutoka Mombasa hadi Kigoma lisilokuwa nayo. Mimi mwenyewe niliyalala masomo kadhaa ya mchana kwa sababu ya kidonge kile kidogo cha manjano: huingia kwenye ubongo na kuzuia histamini ya huko pia, ile inayotuweka macho. Vizazi vya baadaye, setirizini na loratadini, haviingii ubongoni kwa wingi hivyo. Ajabu ni kwamba bado kuna watu wanaoipima nguvu ya dawa kwa usingizi inaoleta.

Vidonge hivi hukausha chafya na mwasho, lakini pua iliyoziba havina nguvu nayo sana, kwa kuwa wimbi la pili si la histamini peke yake. Mwaka 1973 Niels Mygind wa Denmark alionyesha kwamba steroidi ya kupuliza puani, beklometasoni, inalizuia wimbi hilo bila kuuvuruga mwili mzima. Hiyo na ndugu zake ndiyo nguzo ya tiba ya mafua sugu ya mzio hadi sasa. Inataka kupulizwa kila siku kwa majuma, ncha ikielekezwa upande wa nje, si kwenye ukuta wa kati ya pua. Wagonjwa wengi huiacha siku ya tatu kwa kuwa "haifanyi kazi", wakarudia yale matone ya kuzibua papo hapo. Matone hayo ni mkopo wa riba: ukiyatumia zaidi ya siku chache, pua huziba kwa sababu ya matone yenyewe, na mtu akadhani ugonjwa umezidi.

Mpaka hapa msomaji wa Tanga au Lamu ana haki ya kuuliza: hizi nyasi za Juni zinatuhusu nini? Jibu lilipatikana Leiden, Uholanzi, nchi yenye unyevu kama ya kwetu ila baridi. Madaktari walijua tangu miaka ya 1920 kwamba vumbi la ndani ya nyumba huamsha mzio, lakini vumbi ni mchanganyiko wa kila kitu. Mwaka 1964 Reindert Voorhorst na Frits Spieksma walimtaja mhusika: utitiri wa vumbi, mdudu wa kama theluthi ya milimita, asiyeuma, asiyeonekana, anayeishi kwenye magodoro na mito na kula magamba ya ngozi yetu. Kinachotudhuru zaidi ni kinyesi chake. Hanywi maji, huyafyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani ya joto na unyevu kwake ni pepo. Hana msimu wa kuja wala kuondoka. Mtu wa Ramsgate alipona kwa kwenda pwani. Wa Mombasa huenda akapata nafuu kwa kupanda Nyahururu. Na bibi zetu, waliotoa magodoro ya sufi uani na kuyaanika jua kali mchana kutwa, walikuwa wakimuua kwa ukavu mdudu ambaye hawakuwahi kumsikia.

Ndiyo maana maswali ya daktari makini hayajabadilika tangu kwa al-Razi. Lini? Wapi? Ukiamka au ukifagia? Kuna paka? Ukisafiri unapona? Homa huna, makamasi ni maji tu, macho yanawasha? Ana jicho la kuona pia: mtoto anayesukuma pua juu kwa kiganja mara kwa mara hujichora mstari wa kukunjamana juu ya pua, na chini ya macho huwa na weusi. Mama humkemea kwa utovu wa adabu. Anachokifanya ni kujisaidia kupumua. Wangapi wameandikiwa viuavijasumu mara tatu kwa mwaka kwa mafua ambayo hayakuwa na bakteria hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeuliza juu ya godoro?

Aliyebobea katika kuuliza hivyo alikuwa William Frankland, mrithi wa Freeman pale St Mary's. Aliteseka na mafua ya nyasi tangu utotoni, akanusurika miaka mitatu na nusu ya kutekwa na Wajapani katika vita vya pili vya dunia, na mwaka 1954 alichapisha jaribio lililothibitisha sindano za Noon kwa kuzilinganisha na sindano zisizokuwa na dawa. Ndiye aliyewazoesha Waingereza kusoma hesabu ya chavua magazetini kama wanavyosoma habari za mvua. Katika miaka ya 1950 alijiachia aumwe na mdudu mnyonya damu kutoka Amerika ya Kusini, mara moja kwa wiki, ili aone mzio ukizaliwa. Aliuona. Aling'atwa mara moja ya mwisho, akaanguka, ikabidi achomwe adrenalini mara tatu. Mwaka 1979 aliitwa Baghdad kumtibu Saddam Hussein, aliyeambiwa ana mzio. Frankland alimpima, akamwambia hana mzio wowote, ana sigara 40 kwa siku, aache. Aliaga dunia mwaka 2020 akiwa na miaka 108.

Lile fumbo la Bostock lilikuwa bado limekaa. Mwaka 1989 David Strachan aliangalia watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, akakuta kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi, hasa wakubwa wake, ndivyo alivyopungukiwa na mafua ya nyasi. Akakisia kwamba maambukizi ya utotoni, yale yanayoletwa na nyumba iliyojaa watoto, huifunza kinga adabu. Kinga isiyopata adui wa kweli hutafuta ugomvi na chavua. IgE yenyewe inaaminika kuwa silaha ya kale dhidi ya minyoo. Basi huenda maskini wa Bostock na wakulima wa Blackley walikingwa na kile kile tulichokuwa tukihangaika kukiondoa.

Swali hilo halikuweza kujibiwa London tena. Minyoo ilikwishatoweka huko. Lilihamia Uganda. Entebbe, kuanzia mwaka 2003, wanawake wajawazito 2,507 waliingizwa katika utafiti: wengine walipewa dawa ya minyoo, wengine kidonge kisichokuwa na dawa. Watoto wa mama waliotibiwa kwa albendazoli walipata ukurutu, ambao ni binamu wa mafua ya mzio, zaidi ya wenzao. Ilionekana fumbo limefumbuka. Kisha watafiti wakavuka maji hadi Koome, visiwa vya wavuvi katika Ziwa Victoria, ambako kichocho, ugonjwa wa minyoo, kimejaa. Vijiji vingine vikapewa dawa za minyoo kwa wingi, vingine kwa kiwango cha kawaida, miaka mitatu mfululizo. Minyoo ikapungua kwa waliopewa nyingi. Mzio haukutofautiana.

Kipimo walichokitumia kisiwani kilikuwa matone ya utitiri na ya mende, pamoja na tone lisilo na kitu cha mzio la kulinganishia, yakipangwa juu ya mkono wa mvuvi na kuchomwa kidogo kwa sindano. Baada ya dakika 15 hutazamwa ni wapi pamevimba.